Ukurasa Niliouchana Kwenye Kitabu cha Zamu

Wairimu,

Kabla hujasoma neno lingine, igeuze bahasha uangalie nyuma yake. Nimechora mstari wa kalamu ya bluu unaoanzia kwenye kifuniko na kuishia kwenye bahasha yenyewe. Kama vipande viwili vya mstari huo havikutani sawasawa, jua kuna mtu aliifungua akaifunga tena, na uniulize kabla hujapanda gari. Simshuku mama yako. Lakini pia sijamwondoa kwenye orodha.

Najua zamani ungecheka hapo. Sasa ni wiki mbili hujacheka nami. "Ndiyo, baba." "Sawa, baba." "Nimeshiba, baba." Unanijibu kama karani wa kaunti, na sikulaumu.

Ni saa kumi jioni. Wewe uko saluni unasukwa, mama yako yuko kwenye chama cha akina mama, na mimi nimefunga mlango kwa komeo nikakaa hapa mezani na daftari lako moja la zamani ambalo sikukuomba. Kesho saa moja asubuhi utakuwa stendi na sanduku lako, unakwenda Eldoret kusomea kemia. Nina muda mpaka watakapomaliza hizo nywele, na kwa jinsi wasusi wa Naivasha wanavyopenda kuongea, muda ninao.

Mambo ya kufuli, blanketi, na kutokula kachumbari ya barabarani mama ameshakwambia, na atakwambia tena kesho ukiwa dirishani. Mimi sitayagusa. Nataka kukwambia jambo moja ambalo nililifanya ukiwa darasa la tatu, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Si siri nyumbani kwetu. Chupa ya mafuta ya kupikia ina mistari yangu ya kalamu, na mtungi wa gesi nilikuwa nikiupima kwa mizani mpaka mama yako akaificha mizani. Mama husema nikifika mbinguni nitamwomba Petro anionyeshe kitambulisho kwanza. Mimi hujibu kwamba mtu anayeshika funguo za watu wote ndiye hasa wa kuulizwa kitambulisho. Tulikuwa tukicheka hayo, sisi watatu. Nakukumbusha ili ujue kwamba tabia ile ile iliyokuwa ikikuchekesha ndiyo iliyofanya jambo ninalotaka kukueleza.

Acha nianze na simu. Ulitoka bafuni na taulo kichwani ukanikuta nimeishika simu yako. Ukaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikasema naangalia saa. Saa iko ukutani, kubwa kama sinia. Ukaichukua simu yako taratibu, ukaniambia, "Ukitafuta sana, siku moja utapata."

Nilikuwa nimeshapata. Kulikuwa na ujumbe umeandikwa: "Usijali Wairimu, hiyo Monday ya safari saa moja nitakuwa stage. Lazima nikuescort. Kuna kitu nimekuwekea." Jina la aliyeutuma: Mwalimu Barasa. Kuna kitu nimekuwekea. Maneno matatu tu, na sijala vizuri tangu siku hiyo.

Wewe unamjua Barasa kama mzee wa Kihoto, kule mtaa wa kando ya ziwa, aliyekufundisha kemia kila Jumamosi tangu ulipoingia kidato cha tatu. Ulidhani mimi simjui, na mama alikuonya usinitajie kwa sababu unajua nilivyo. Ile lita ya maziwa iliyokuwa ikipotea kila Jumamosi, ambayo kwa muda mrefu niliamini inanywewa na jirani, sasa najua ilikuwa ikienda wapi. Basi nisikilize. Barasa namjua. Tulifanya kazi pamoja miaka minne kwenye shamba la maua upande wa Ndabibi. Alifukuzwa kazi, na aliyemfukuzisha ni mimi.

Tulikuwa kwenye chumba cha mbolea. Kulikuwa na matangi ya mbolea, tangi la asidi, na pampu iliyochanganya vyote na maji kabla hayajaenda kwenye mipira ya kudondoshea mimea maji. Mimi nilikuwa supavaiza wa mchana, yeye alishika zamu ya usiku. Kitabu cha zamu kilikaa mezani, na kila mmoja alimwandikia mwenzake alichokiona. Waridi hupenda maji yenye ukali kidogo, pH ya 5.8 (pH ikishuka, ukali unapanda), na maji ya kisima chetu yalikuwa na magadi mengi, yaani bicarbonate, pH yake inazidi nane. Kwa hiyo tulitia asidi. Tuliitia kwa kipimo kimoja kila siku, pampu ikiwa imefungwa pale pale, kwa sababu aliyenifundisha kazi aliniambia usiguse skrubu ya kipimo, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

Barasa aliuliza. Alikuwa amesoma kemia chuoni miaka miwili kabla karo haijamshinda. Mimi niliishia kidato cha nne na kujifunzia kazini. Kila tulipopokezana zamu alikuwa na neno jipya. "Baba Wairimu, unajua haya maji ni bafa? Hiyo bicarbonate ndio inashikilia pH isianguke. Siku itaisha, utaona maajabu." Mimi niliitikia "eh, eh" na moyoni nikajiuliza: huyu ananifundisha kwa nini? Mtu anayejua kazi yako kuliko wewe anataka nini kama si kiti chako? Nikaanza kuhesabu kila anachokigusa.

Kila asubuhi mita ya pH lazima ikumbushwe kazi yake. Unaichovya kwenye chupa ya bafa ya 7, maji maalumu yenye pH isiyoyumba, na kuirekebisha isome saba. Kisha unaichovya kwenye bafa ya 4, nayo isome nne. Hapo ndipo unaipeleka kwenye maji na kuiamini. Ile chupa ya 7 nilikuwa nimeichora mstari wa kalamu penye usawa wa maji yake, kama ninavyochora chupa ya mafuta nyumbani, ili nijue kama kuna mtu anaigusa nikiwa sipo.

Mwaka ule mvua ya Aprili ilinyesha hadi ikachosha. Maji yaliteremka kutoka kwenye mapaa ya plastiki ya mabanda ya waridi yakaingia bwawani, bwawa likajaa, na meneja akaamuru tutumie maji ya bwawa yaliyochanganyika na ya kisima ili pampu ya kisima ipumzike. Asubuhi ya kwanza nilipofika, Barasa alikuwa ameshaondoka. Kwenye kitabu cha zamu aliniandikia hivi, na nakunakilia kama ilivyo: "Maji ya leo nusu ni ya mvua. Hayana bicarbonate ya kutosha. Asidi ipunguzwe kabla ya kumwagilia. Tafadhali Baba Wairimu, usifungue kabla ya kupunguza. Barasa."

Nilisoma mara mbili. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, anataka niiguse ile skrubu. Nikipunguza asidi pH itapanda, majani yatakuwa ya njano, meneja atauliza nani aligusa, na jibu litakuwa mimi. Hata lile neno "tafadhali" lilinitisha. Tangu lini akaniambia tafadhali?

Nikairekebisha mita kwa zile chupa mbili kama kawaida, kisha nikaichovya kwenye maji yaliyochanganywa na asidi. Ikasoma 2.8. Hakuna mmea unaokunywa maji ya 2.8, Wairimu, hayo ni makali kama ndimu. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo. Mimi niliigeukia chupa ya bafa ya 7, na nikaona maji yamepanda juu ya mstari wangu, upana wa kidole kimoja.

Basi moyo wangu ukatulia. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba nilifurahi. Nikajiambia, huyu mtu ametia maji kwenye bafa, bafa imeharibika, mita imefundishwa uongo, kwa hiyo 2.8 ni uongo. Chupa mpya ya bafa ilikuwepo stoo, ningetembea hatua ishirini na kuiomba, nipime upya. Sikwenda. Nilikuwa nimeshampata mtu, sikuhitaji mita nyingine. Nikaacha asidi ilivyokuwa, nikafungua maji.

Siku ya tatu mabanda matatu ya waridi yalikuwa yameungua kutoka kwenye mizizi. Ukivuta mche unatoka na mizizi ya kahawia, laini kama mboga iliyopikwa jana. Meneja akaitisha mkutano. Asubuhi hiyo nilifika mapema kuliko watu wote, nikauchana ukurasa wa Barasa kwenye kitabu cha zamu. Niliuchana polepole, karibu kabisa na uzi uliofungia kurasa, ili usiache meno. Nilijiambia kwamba ule ukurasa ulikuwa mtego, na kuondoa mtego si kusema uongo. Unaona jinsi akili ya mtu inavyoweza kumfanyia wakili.

Mkutanoni niliionyesha ile chupa na mstari wangu wa kalamu. Kila mtu aliuelewa mstari. Barasa akasimama akasema, "Boss, hata kama mtu aliongeza maji, na si mimi, hiyo bafa haiwezi kusonga hivyo. Ni ratio ya asidi na chumvi yake. Maji hayabadilishi ratio. Shida ni mvua, na niliandika kwa kitabu."

Meneja akamsukumia kitabu. "Nionyeshe wapi."

Barasa akafungua ukurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Alipitisha kidole pale kwenye uzi, polepole. Kisha akainua macho, hakumtazama meneja, akanitazama mimi. "Baba Wairimu," akasema, "wewe unajua."

Walimfukuza siku hiyo hiyo kama mharibifu na mwongo. Hakuna shamba lingine la maua kando ya ziwa lililomchukua, kwa sababu mameneja huongea. Alihamia Kihoto, na ziwa lilipopanda likamfuata hadi chumbani, akahama tena kwenda upande wa juu wa mtaa huo huo. Mimi nilipewa barua ya pongezi kwa uangalifu. Uliwahi kuniuliza kwa nini siitundiki ukutani.

Nataka uelewe kwamba kwa miaka mingi sikujiona mkosaji. Niliamini kabisa kwamba Barasa alitia maji kwenye ile chupa. Ukurasa niliuficha, sikuuchoma, na sijui kwa nini sikuuchoma. Uko ndani ya ile redio mbovu ambayo mama yako ametaka kuitupa mara kumi na mimi nikagombana naye mara kumi.

Mwaka jana niligundua unarudi Jumamosi na tope jeusi kwenye viatu, tope la kando ya ziwa, wakati uliniaga unakwenda maktaba. Nilijua ni mvulana. Nilikuwa na hakika kama nilivyokuwa na hakika kuhusu ile chupa. Jumamosi moja ya Septemba nilikufuata kwa miguu hadi Kihoto, nikiwa nimevaa kofia ya mjomba wako. Ulipita nyumba zenye alama ya maji ukutani, ukaingia kwenye ua wa mabati. Mabati yalikuwa na tundu la msumari. Nikainama, nikaweka jicho.

Nilikuona umekaa kwenye stuli, daftari magotini. Mbele yako alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe zote. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso.

"Asidi ya siki ni pointi mbili, na chumvi yake pointi mbili. pKa ni nne pointi nane. pH ni ngapi?"

"Nne pointi nane," ukasema. "Moja kwa moja, logi ya moja ni sufuri."

"Safi. Hii haiko kwa mtihani wako, lakini huko chuo utaipata. Sasa kuna mtu ameongeza maji, hiyo chupa imejaa mara mbili. pH ni ngapi?"

Ukaandika, ukafuta, ukaandika tena. "Asidi inakuwa pointi moja. Chumvi pia pointi moja. Moja gawanya kwa moja..." Ukanyanyua kichwa. "Ai, Mwalimu! Haisongi!"

"Haisongi. Labda kidogo tu, hata meter ya shamba haioni. Ukisikia mtu anasema bafa iliharibika juu ya maji kidogo, muulize ratio."

Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya mabati na kofia ya watu kichwani. Sikuelewa hesabu yote, lakini nilielewa ya kutosha. Mpaka leo sijui kama Barasa aliliona jicho langu kwenye lile tundu. Wakati mwingine nafikiri aliliona, na kwamba swali hilo la pili lilikuwa langu, si lako.

Wiki iliyofuata nilianza kuiba madaftari yako ukienda shule. Ndiyo, yale uliyodhani umeyasahau kwa rafiki zako. Nilijifunza logi kwa kikokotoo cha simu, mzee mzima, nikianza upya kila mara. Kisha nikaifanya hesabu ya asubuhi ile. Nakuandikia hapa uikague, kwa sababu sina mwingine wa kuikagua.

Maji ya kisima yalikuwa na baikaboneti milimoli tano kwa kila lita. Nambari hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani miaka yote, na nilikuwa nikitundika koti juu yake. Asidi yetu ilikuwa milimoli nne kwa lita. Nne zinameza baikaboneti nne na kuzigeuza kuwa asidi ya kaboni, na baikaboneti moja inabaki. Moja gawanya kwa nne ni robo, logi ya robo ni hasi 0.6. pKa, ile nambari ya asidi yenyewe isiyobadilika, ni 6.4. Toa 0.6, unapata 5.8. Nambari ile ile niliyokuwa nikijivunia kila asubuhi kana kwamba naipata kwa ujanja wangu.

Sasa tia mvua nusu. Mvua haina baikaboneti ya maana, kwa hiyo zinabaki mbili na nusu. Asidi ni zile zile nne, kwa sababu sikuigusa skrubu. Nne zinamaliza hizo mbili na nusu zote, na moja na nusu zinabaki hazina wa kuzishika. Bafa imekwisha. Hapo huhitaji hata pKa, unachukua 0.0015, unatafuta logi yake na kuondoa alama ya hasi. Ni 2.8.

Nilirudia mara nne. Kila mara 2.8. Mita haikuwa imesema uongo. Barasa hakuwa amesema uongo. Hata ile chupa, na yeyote aliyeitia maji, haikuwa imesema uongo. Aliyeitia maji simjui mpaka leo, huenda ni mama wa usafi alisuuza kikombe akarudisha humo, na haikujalisha hata kidogo. Katika chumba kile chote kitu kimoja tu ndicho kilichosema uongo, na kilikuwa kimevaa koti langu.

Hapo ningekwenda kwake, sivyo? Nilikwenda. Nimekwenda Kihoto mara tatu na ukurasa ule mfukoni. Mara ya kwanza nilifika kwenye kioski cha kona, nikanunua kiberiti, nikarudi. Mara ya pili mbwa alibweka, nikajiambia hawako. Mara ya tatu nilikutana naye barabarani ana kwa ana, amebeba dumu la maji. Akatangulia kunisalimia. "Baba Wairimu! Habari ya siku mingi? Yule msichana wako ana kichwa, wallahi." Nikasema asante. Kisha nikamuuliza kama anaona mvua itanyesha. Mvua, Wairimu! Kati ya mambo yote chini ya jua, nikamuuliza yeye kuhusu mvua. Akatazama mawingu, akasema, "Ikinyesha, si utapunguza asidi," akatabasamu, akabeba dumu lake akaenda. Nilisimama pale hadi bodaboda ikanipigia honi.

Nimejaribu kumshuku hata katika wema wake. Siku ya kwanza lazima alikuuliza baba yako ni nani, watu wa huku huuliza hivyo kabla ya kumpa mtu kiti. Alipojua, kwa nini alikupa kiti? Nimefikiri labda alitaka umpende kuliko mimi, kisha akwambie, na hicho ndicho kisasi chake. Nimefikiri labda hicho alichokuwekea ni nakala ya ukurasa ule, kwamba aliandika mara mbili kwa kuwa naye alinishuku. Nimefikiri labda ni kalamu tu. Mtu aliyekuwa na miaka miwili ya Jumamosi za kukwambia, na hakukwambia, angengoja stendi kwa sababu gani? Kushuku kwangu kumefika mahali hakuna pa kushika.

Na nimeishuku barua hii pia. Nimeichunguza kama ninavyochunguza maziwa ya duka kama yametiwa maji. Je, ninakuandikia kwa sababu najuta, au kwa sababu naogopa atanitangulia kesho? Ukweli ni kwamba viwili vyote vimo, na sijui kipi ni kingi. Hiyo ratio utaipiga mwenyewe.

Una jina la mama yangu, ndiyo maana tangu uko mdogo nakuita maitu, yaani mama, na ndiyo maana nikikukosea najiona nimewakosea wawili. Kwa simu nisamehe. Kwa kukufuata nisamehe. Sikuambii usishuku watu. Ningekwambia hivyo ungejua barua si yangu. Shuku, lakini ukishapata unachokishuku, tembea zile hatua ishirini hadi stoo ukachukue chupa mpya upime tena, hasa siku ambayo jibu la kwanza limekufurahisha. Mimi nilikaa na jibu langu la kwanza miaka mingi, na mwenzangu akabeba maji kwa dumu.

Nasikia lango. Nafikiri ni mama yako. Acha nimalize.

Kesho stendi tutakuwa wanne. Barasa atakuja, nimeshaona ameahidi, na si mtu wa kuvunja neno. Nimekusudia kumpa ukurasa wake mbele yako na mbele ya mama yako, na kusema kwa kinywa changu nilivyoupata. Jumatano nitaupeleka kwa meneja wa shamba pia, ingawa ni mwingine siku hizi, nimwombe aandike barua ya kusafisha jina lake. Huyo meneja mpya naye ana macho ambayo siyaelewi, lakini nitakwenda.

Nilikuwa nimepanga kukuwekea nakala humu ndani na kubaki na ukurasa wenyewe mfukoni. Nimebadilisha. Namjua vizuri mtu ambaye angekuwa ameubeba kesho. Atasema watu ni wengi. Atasema gari linaondoka, asiharibu safari ya mtoto. Ataulizia mvua. Nimeshuku watu wengi maishani bila ushahidi, lakini huyo ushahidi wake ninao, mara tatu kule Kihoto.

Kwa hiyo ukurasa wenyewe uko nyuma ya karatasi hii, umekunjwa mara moja. Utaona upande mmoja ni laini, hauna meno. Uweke mahali rahisi. Kesho nitanyoosha mkono nikuombe, nawe unipe.

Nisiponyoosha, usiningoje. Mpe wewe, na umwambie ulitoka kwangu.

Baba yako, supavaiza wa zamani wa zamu ya mchana